Ofa Zimeisha, Nyumba Bado Ipo

Malvern, dukani, Jumatano alasiri

Furaha mwanangu,

Nimefunga mlango wa duka mapema, na wateja wanaopita Jules Street wakigonga nanyamaza kama mtu aliyesafiri. Nimekaa juu ya jora la kitenge, karatasi iko juu ya meza ya kukatia nguo. Baba yako yuko nyumbani anapima sanduku lako kwenye mizani ya bafuni, na kila akipima anapata uzito mwingine, kwa hiyo amani iko huku. Barua hii nitaisukumia kwenye mkoba wako kesho pale uwanja wa ndege. Utaisoma ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Mambo ya sweta, soksi na kusali sitayagusa. Ya sweta ameyashika baba yako, ambaye hajawahi kuona theluji lakini maoni anayo. Ya kusali unayajua mwenyewe. Mimi nataka tuongee juu ya ile nyumba tu, na namba mtakayoiandika Ijumaa.

Uliniomba ushauri na nikakupa. Sasa naufuta, na ili uelewe kwa nini naufuta lazima univumilie nianze mbali kidogo.

Mume wako Callum, ambaye hapa mtaani kila mtu anamwita Kalamu kwa sababu ndimi zetu hazikuona njia nyingine, ametangulia Uskoti tangu mwezi uliopita. Amepata kazi kule kwao, na ameona nyumba ya mawe shambani, mbali na mji, akaipenda. Kampuni yake ya hapa Johannesburg nayo imemwambia nafasi yake ipo mpaka mwisho wa mwezi. Mkakubaliana mbele yetu, nikasikia kwa masikio yangu mawili: mkiipata nyumba hiyo, mnabaki huko. Mkiikosa, mnarudi, na mimi naendelea kukuona kila Jumapili.

Hayo ya mwisho yaweke pembeni, tutayarudia.

Jumapili ile sahani za sombe, kisamvu chetu cha Bukavu, zilikuwa bado mezani ulipoileta simu. Nikaona nyumba ndogo ya mawe, bomba la moshi, kilima, na majani mengi ya kijani kupita kiasi. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza, "Offers over", kisha pauni laki moja na arobaini elfu. Nilisoma mara moja tu nikaelewa.

"Ofa zimeisha," nikamwambia baba yako.

"Masikini," akasema baba yako.

Usinicheke tena, umeshacheka vya kutosha. Fikiria mtu aliyeuza vitenge maisha yake yote. Kwangu mimi ofa ni ile karatasi nyekundu ninayobandika mlangoni mwisho wa mwezi, watu wakishapokea mishahara. Ofa ikiisha nabandua karatasi, bei inarudi palepale, na wateja wanapita wakitazama upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo nikajua hadithi nzima ya nyumba hiyo bila kuuliza. Ilikuwa na punguzo, punguzo likaisha, hakuna aliyenunua, na mwenyewe amekaa na mzigo wake anatazama mlango. Muuzaji wa namna hiyo anabanwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda saluni kwa Mama Asha, hapo mlango wa pili, kutafuta maoni ya mtu mwingine mwenye akili. Unamjua, Mtanga yule, akishika kichwa cha mtu hakiachi mpaka amesema yote aliyo nayo.

"Shoga, ofa zikishaisha huyo hana pa kukimbilia," akaniambia, huku mteja wake amepindwa shingo kama kuku. "Mbane hukohuko. Anza na laki."

"Laki ni matusi, Mama Asha."

"Basi laki na kumi. Matusi ya adabu."

Ndiyo namba niliyokupa jioni ile ulipopita dukani: pauni laki moja na kumi elfu, na nikakuonya usiongeze hata senti kabla muuzaji hajalia. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini katikati ya majora.

"Mama, eish! Si kwamba ofa zimeisha. Maana yake ofa ni za kuzidi hapo. Ukiitaka nyumba unatoa zaidi ya ile bei."

"Zaidi?"

"Zaidi."

"Yaani mtu anakutajia bei, na wewe unampandishia?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini? Amekufanyia nini?"

Ukanieleza mambo ambayo hadi leo yananiwasha. Kwamba kila anayeitaka nyumba anamwambia mwanasheria wake namba moja, naye anaiandika na kuipeleka kabla ya saa sita mchana ya Ijumaa. Kwamba hakuna anayejua mwenzake ameandika nini. Kwamba namba zinafunguliwa zote pamoja, basi, imekwisha, hakuna kurudi kuongeza elfu mbili. Na kwamba mwenye nyumba halazimiki hata kuchukua iliyo kubwa; akipenda sura ya mtu anampa. Furaha, mimi nimefanya biashara Bukavu, nimefanya Bujumbura, nimefanya hapa, na kote nimekuta watu wanaangaliana usoni wakati wanadanganyana. Huo ndio uungwana. Hiyo ya kwenu ni biashara ya watu waliofungwa vitambaa machoni.

Halafu ukanionyesha ile ripoti. Hapo ndipo nilipovua miwani. Muuzaji mwenyewe, kwa hela zake, anamwita mtaalamu aje aikague nyumba na kuandika maovu yake yote: paa linahitaji kazi, dirisha la jikoni limeoza, ukuta wa nyuma una unyevu, maji yanatoka kisimani, choo kina shimo lake nyuma ya nyumba. Kisha karatasi hizo anapewa kila anayetaka kununua! Hebu nijaribu mimi hapa Jules Street, nibandike juu ya kitenge: hiki kikifuliwa mara mbili kinachuja. Nitakula nini? Na mwisho wa maovu yote yule mtaalamu akaandika kwamba nyumba ina thamani ya laki moja na hamsini. Baada ya kuitukana hivyo!

Sasa nikwambie kwa nini mimi sikuwa mtu wa kuulizwa habari ya bei ya nyumba. Pengine unakumbuka kidogo, maana nilikuwa nimekushika mkono.

Ulikuwa bado mdogo, tumekaa hapa Johannesburg muda mfupi tu. Kulikuwa na Mreno mzee, nyumba yake iko mitaa michache juu ya hapa, ina veranda na mlimau. Alikuwa anaiuza, na alikubali tulipe polepole, jambo ambalo watu kama sisi hatulipati mara mbili. Baba yako alikuwa ameshaanza kuchagua mahali pa kuweka kiti chake. Mzee akataja bei, bei nzuri kabisa, na mimi nikafanya nilivyofundishwa na mama yangu. Nikakunja uso, nikasema ukuta umepasuka, nikasema malimau yenyewe machungu, nikataja nusu. Mzee akatikisa kichwa. Nikakushika mkono, tukaondoka.

Pale Bukavu ukiondoka unaitwa. Hujafika hatua ya kumi unasikia, "Mama, rudi, tuongee!" Mtu asiyekuita hakuwa anauza, alikuwa anapiga porojo. Kwa hiyo tukatembea polepole ili mzee asipate shida ya kupaza sauti. Ukaniuliza, "Mama, mguu unauma?" Nikakwambia nyamaza, tunaitwa. Tukafika kwenye robot, zile taa za barabarani. Ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, na mimi nimesimama pale nimetega sikio nyuma. Watu wa magari walidhani siwezi kuvuka. Nilipogeuka mwishowe, geti lilikuwa limefungwa na mzee ameingia ndani kunywa chai yake.

Niliporudi baada ya siku mbili, nikiwa na bei yake kamili mdomoni, alishampa mwalimu mmoja, mtu aliyesema ndiyo siku ileile. Baba yako hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Mpaka leo Jumamosi akienda kununua mkate anapita barabara ile, na akirudi ananiambia, bila ubaya wowote, kwamba mlimau umezaa. Nimelipa kodi ya nyumba za watu tangu hapo, na siku moja moja nikimlipa mwenye nyumba huwa namsikia yule mzee anakoroga chai.

Kwa hiyo ungedhani nilishajifunza. Subiri nikukumbushe Jumanne, ingawa najua ungependa kuisahau.

Kalamu alikwenda kuiona nyumba mara ya pili na akatupigia kwa video akiwa palepale jikoni, pamoja na mwenye nyumba, yule mjane mzee, Bi Morag. Mama wa watu amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba yako alijipenyeza mbele ya simu akauliza jambo lililokuwa linamkosesha raha.

"Bale kondoo ni ba nani?"

Ukatafsiri. Wakawa ni wa jirani. "Na jirani iko wapi?" Kalamu akageuza simu dirishani tukaona kilima, na nyuma ya kilima kingine, kitu kinachoweza kuwa paa. Nikakuuliza maburglar ya madirisha, vile vyuma vya kuzuia wezi, yako wapi, na ukuta, na ule waya wa umeme wa juu ya ukuta. Bi Morag akasema ufunguo huwa anauacha chini ya chungu cha maua. Baba yako akakaa chini.

Mimi nikaona huu ndio wakati. Muuzaji yuko mbele yangu, uso kwa uso, bila mwanasheria. Nikaanza kazi. Nikasema paa limechoka. Nikasema jikoni ni pembamba kama mkono wa shati. Nikasema majani yote haya ni ya nini, nani atayakata, mwanangu ni muuguzi, si mbuzi. Wewe ukawa unatafsiri, mkono umekaa shingoni, na mimi nasikiliza. Nikasikia unamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yangu anapenda sana paa la kizamani.

"Mi nasikia Kizungu, Furaha! Sema nilichosema!"

Kalamu alikuwa amegeuka rangi, mwekundu kuanzia kola kwenda juu. Hapo nilikumbuka, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu, kwamba mama huyu ana ruhusa ya kumpa nyumba yeyote anayependa sura yake, na mimi ndiye sura aliyonayo mbele. Kwetu ukikidharau kitu mbele ya muuzaji, anajua unakitaka. Asiyekitaka anasifia na kupita. Lakini nani angemweleza Bi Morag hayo?

Akasogea karibu na simu, akaniangalia vizuri, akasema, nawe ukatafsiri safari hii neno kwa neno, "Mwambie mama yako paa limechoka kweli, na mimi pia nimechoka."

Tukacheka wote wawili, mimi na yeye, na nyinyi mkabaki mnatuangalia. Akasema anachotaka ni mtu atakayewasha moto humo ndani wakati wa baridi, maana hawa wanaonunua nyumba za likizo huja wiki mbili kwa mwaka na kupaacha gizani. Nilimpenda. Nikamwonea huruma. Na simu ilipokatika, nikakwambia tena, bila aibu, "Laki na kumi. Usiongeze."

Hapo ndipo baba yako alipofungua mdomo. Wewe ulikuwa umeshatoka, umebamiza mlango.

"Mama Furaha," akasema, "ulishaelewa ile maneno ya ofa tangu jana. Unajua ukitoa laki na kumi banakosa. Wewe hautafute bei ishuke. Uko natafuta mutoto akose nyumba, arudi."

Nikamwambia aende akapime sanduku.

Lakini ni kweli, Furaha. Sitaizungusha. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekosea Kiingereza, kweli kabisa, na Mama Asha shahidi. Tangu Jumatatu jioni sikuwa nimekosea chochote. Nilijua laki na kumi ni namba ya kushindwa, na nikaishikilia kwa sababu ni namba ya kushindwa. Mkishindwa, Kalamu anarudi kwenye kazi yake ya hapa, wewe unarudi, na Jumapili naweka sahani ile ya nne. Nilitumia ujuzi wangu wote wa biashara kukupoteza nyumba, huku najifanya nakuokolea hela. Nimekuwa nakuonea uchungu hata kabla hujaondoka, na uchungu huo nikaupa jina la ushauri.

Leo asubuhi, nikiwa nakata kitenge, nikakumbuka siku ya mahari. Mkasi ukasimama. Wewe siku ile ulikuwa umefungiwa chumbani na binamu zako, ulisikia kelele tu, na hukuambiwa sawasawa kilichotokea kwa sababu baba zako wadogo walikubaliana kuifunika aibu yao. Mimi naifunua, watanisamehe.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Deo, yule mwenye spaza, kiduka chake cha mtaani, kule Diepsloot. Msemaji wa Kalamu alikuwa rafiki yake wa kazini, Sipho, kijana anayejua lobola za kwao vizuri, tukashukuru, maana mkwe mwenyewe alikuwa ameshafundishwa salamu na Mama Asha na alipoingia alimwambia kila mzee "marahaba" kabla hajasalimiwa. Deo alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba wiki nzima. Akaeleza ada ya shule, akaeleza chuo cha uuguzi, akaeleza ulivyougua surua. Akamaliza kwa kutaja ng'ombe kumi na wawili, kwa hela, kila mtu akijua kwamba anataka sita, na kwamba upande wa pili sasa watashika vichwa, watalia njaa, na tutakula wali tukiwa tunateremka polepole. Ndiyo raha yenyewe ya siku hiyo.

Basi wakati uleule taksi ikapiga honi nje, gari la Sipho limeziba njia. Sipho akatoka kulisogeza. Kalamu akabaki peke yake kwenye kochi, mikono juu ya magoti. Akamwangalia Deo. Akafikiri. Akasema, kwa Kiswahili chake:

"Kumi na tatu."

Furaha, sijawahi kusikia nyumba ya Wakongo ikinyamaza hivyo. Baba yako alikuwa anakunywa Fanta, ikatokea puani. Deo amebishana na Wasomali wa maduka ya jumla, amebishana na polisi, lakini hakuna aliyewahi kumpandishia. Akainamisha mkono, akamwonyesha mkwe ateremke.

"Hapana, mukwe. Kidogo! Kidogo!"

Maskini Kalamu neno "kidogo" analijua. Akasikia anaambiwa kwamba alichotoa ni kidogo. Akawa mwekundu, akaomba radhi, akasema, "Kumi na tano."

"Yesu wangu," akasema Deo, "tutaua mutoto wa batu."

Ikabidi kikao kivunjwe. Tukamkimbilia Sipho barabarani tukamrudisha, na jioni nzima familia yako ilikuwa upande wa Kalamu, inamsaidia Sipho kututeremsha sisi wenyewe. Deo alibishana na Deo. Tukafika nane, wote tumelowa jasho, tukapiga vigelegele, ndicho ulichosikia chumbani.

Baadaye nilimkuta jikoni anaosha sahani, nikamuuliza, wewe kijana, kwa nini ulipanda? Akanijibu kwa Kiingereza, polepole ili nimfuate. Kwao bei inayotajwa ni mahali pa kuanzia, akasema, na mtu akikitaka kitu kweli anakwenda juu, na anapewa nafasi moja tu ya kusema. Nikamuuliza, sasa unajuaje uende juu mpaka wapi? Akasugua sufuria kwa muda.

"Natafuta namba," akasema, "ambayo nikikosa sitajilaumu kwamba nilikuwa na ng'ombe mwingine nimemficha nyuma ya nyumba. Na awe ng'ombe ninaye kweli, siyo wa kuazima."

Nilicheka, nikamwona mshamba. Nilimsimulia Mama Asha, naye akacheka. Leo asubuhi sikucheka. Nilifikiri: huo ndio ushauri wote wa nyumba ya Uskoti, na aliyekuwa nao anaishi nawe. Mimi sina cha kuongeza, ila hili moja ambalo umenieleza mwenyewe, kwamba benki itawakopesha kwa thamani ya yule mtaalamu tu na kinachozidi hapo kinatoka mfukoni mwenu. Kwa hiyo ng'ombe wa juu ya laki na hamsini wahesabuni mkiwaona kwa macho, na mfikapo yule ambaye akitoka hamtakuwa na hela ya paa, simameni. Kabla ya hapo msisimame. Mtu mwingine akikushinda kwa elfu moja, na hiyo elfu moja ulikuwa nayo, utakaa nayo miaka mingi.

Nikafikiri na jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya nifunge duka. Siku ile ya mahari hakukuwa na mwanaume mwingine aliyekuja kukuposa. Hakuna aliyesimama nje na kumi na sita. Sasa Kalamu alikuwa anashindana na nani, hata akapanda mara mbili? Mwanangu, alikuwa anashindana na mimi. Nilikaa palepale, nimevaa kitenge kipya, natabasamu, na moyoni nina ofa yangu ambayo sikumwonyesha mtu: ubaki hapa, nikuone kila Jumapili. Niliileta tena wiki hii, nikaiita laki na kumi.

Nimeipima leo na ya kwake. Nakupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika mkononi, lakini nilichotoa mimi kilikuwa cha kukuzuia, na alichotoa yeye kilikuwa kila alichonacho. Nimezidiwa, Furaha, na nimezidiwa kwa haki. Mwambie mwanasheria namba yenu, mkawashe moto nyumbani kwenu.

Ni mimi mama yako, hapa Malvern